Harufu Chini ya Jiko

Jumapili, 8 Januari 2023

Mayai viza. Nimefungua kabati la chini ya jiko nitoe kikaango, harufu ikanipiga usoni. Nikafunga. Nikafungua tena. Ipo. Si takataka, nimeitupa jana. Si tangi la maji machafu, hilo lina uvundo wake naujua. Hii ni gesi.

Nikamwambia Verlyn. Alikuwa mezani anakula uji wake wa shayiri huku anatazama milima. Hakuna kitu, akasema. Nikamwambia njoo unuse mwenyewe. Akaja, akainama, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayepimwa mapafu.

"Hakuna kitu, bibie."

Na pua yenyewe ilikufa tangu alipougua korona! Anajua. Mimi najua. Daktari kule Minnesota anajua. Maziwa yakichacha anakunywa tu. Anajaza pilipili kwenye kila chakula angalau ulimi uwashe. Lakini nani wa kumwambia mume wangu, aliyefunga mabomba ya gesi kwenye nusu ya nyumba za wilaya yetu, kwamba hasikii harufu ya gesi? Mimi nimethubutu. Akanuna.

Basi nikatoka na koti juu ya nguo ya kulalia, nikafunga mitungi yote miwili pale mbele ya trela. Asubuhi za jangwani huku Arizona zinauma masikio, watu wa kwetu wanadhani tumekimbilia joto. Hita ikazima. Tukakaa ndani na kofia kama watu wanaongoja basi.

Baada ya chakula cha mchana nasikia hita inanguruma. Amefungua tena! Nikamuuliza. Akasema mitungi ni kazi yake.

Ni kweli. Gesi, maji, betri, matairi ni vyake. Chakula, ramani, simu za binti yetu Britta ni vyangu. Tuligawana hivyo tangu tulipouza nyumba tukahamia ndani ya trela hii, na hatujawahi kugombania mipaka.

Nimeacha madirisha wazi mchana kutwa. Sijawasha jiko. Tumekula mkate na siagi ya karanga. Hakuuliza kwa nini. Hilo nalo limenikera — huwa anauliza.


Jumatatu, 9 Januari

Imelda ameniokoa. Imelda Quiroz, jirani yetu wa kila msimu wa baridi. Trela yake ndogo nyeupe iko ng'ambo ya korongo kavu. Aliendesha basi la shule New Mexico mpaka akastaafu, na sauti yake bado ni ya kunyamazisha basi zima.

Alikuja na bakuli la mchuzi wa pilipili za kijani. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akasimama hapo hapo.

"Jamani! Humu mnapika nini, mayai ya mwaka jana?"

Nilimtazama Verlyn tu.

"Haya," akasema Verlyn, "mmeshapanga wawili."

"Nipange nini mie, mzee? Pua yangu haina chama." Kisha akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya korongo, pale kwenye mabaki ya trela ya yule bwana wa Idaho. Fremu nyeusi na magurudumu yaliyoyeyuka. Tangu Desemba hakuna aliyekuja kuizoa. "Yule naye alimwambia mkewe hakuna kitu. Asubuhi akawasha kiko chake."

Verlyn akaweka kijiko chini. Akaniomba sabuni ya vyombo.

Na hapo mume wangu ninayemjua akarudi! Sijui niandikeje. Alichanganya sabuni na maji kwenye kikombe, akachukua brashi yake ya kunyolea ndevu, akazima kila kitu ndani, akaacha mitungi wazi. Halafu akaanza kupaka, kiungo kwa kiungo. Kwenye mtungi. Kwenye regyuleta inayopunguza nguvu ya gesi. Kwenye mipira ya kupitisha gesi. Anapaka, anangoja, anasogea. Hana haraka. Sisi wawili nyuma yake kama wanafunzi.

Kwenye mpira wa mtungi wa kushoto povu likaanza kuvimba. Kipovu, kingine, kingine, kama macho ya chura yanatoka majini.

"Ona! Ona hapo!" Alishangilia kama ameshika samaki. Mpira umepasuka-pasuka kwa jua. Anao wa akiba kwenye sanduku lake. Akaubadilisha hapo hapo, akatueleza kwamba nati ya mitungi hii ya zamani hufungwa kinyume, ukizungusha kushoto ndiyo unakaza, tusije tukajitia ujuzi.

"Kama wanaume niliowajua," akasema Imelda. "Ukidhani anafunga, kumbe anafungua."

Verlyn alicheka mpaka akashika mgongo. Akanawa mikono anapiga mluzi. Nikamwomba radhi kwa kelele za jana, naye akaniomba radhi kwa kununa. Nimepika nyama na viazi. Kila kitu kimekuwa kitamu — kwangu mimi. Kwake, pilipili.


Jumatano, 11 Januari

Imerudi.

Kidogo, lakini ipo. Pale pale, kabatini. Nilipiga magoti kunusa karibu na sakafu, maana gesi hii ni nzito, inatambaa chini kama maji. Nikiwa hapo chini macho yangu yakaangukia king'ora cha gesi ukutani. Kile kisanduku cheupe cha kupiga kelele gesi ikivuja. Kwa nini hakijapiga? Juzi hakikupiga, leo hakipigi. Nikaangalia taa yake. Haiwaki.

Nikachukua bisibisi. Nyuma yake nyaya zimekatwa. Ncha zimezungushiwa utepe mweusi vizuri sana, mwisho wa utepe umekunjwa ili mtu aweze kuubandua kwa kidole. Hakuna mtu mwingine duniani anayekunja utepe hivyo.

Nikampelekea Verlyn nje. Alikuwa anaangalia matairi.

"Nani amekata hizi nyaya?"

Akakishika. Akakigeuza. Alikitazama kwa makini kweli, hakuwa anaigiza. "Aliyefanya hivi ni mpumbavu," akasema. "Angeweza kuua watu. Hawa ni wale waliotuuzia."

Trela hii tuliinunua mpya. Mpya kabisa, na nailoni kwenye viti! Yeye ndiye aliyezibandua.

Nimekumbuka sasa. Oktoba, tukiwa njiani Nebraska, kilikuwa kinalia-lia bila mpango. Akaondoka kitandani, kikanyamaza. Nikamwambia ahsante, nikageukia upande wa pili.

Sikumjibu kuhusu waliotuuzia. Nimefunga mitungi. Safari hii ametazama tu.


Alhamisi, 12 Januari

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilikwenda mjini na Imelda, nikanunua king'ora kipya. Nikakifunga mwenyewe. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Taa ya kijani ikawaka. Nikajiona mtu! Tukafungua mitungi tujaribu. Tulikuwa hatujamaliza hata kukaa — kikapiga. Kelele ya kutoboa kichwa. Verlyn akaziba masikio, anapayuka, zima hiyo takataka, zima! Nikafunga mitungi, tukatoka wote nje, milango na madirisha wazi.

Kilipotulia akasema ni nati ya nyuma ya jiko, atashughulikia. Vizuri, nikasema. Akavuta jiko kutoka kwenye nafasi yake. Nikasimama karibu kumpa vyombo, kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Akachukua spana moja.

Nikangoja anyooshe mkono kwa ya pili. Siku zote ni mbili. Moja inashika, moja inazungusha. Kama hushiki, bomba la shaba linajinyonga. Nimelisikia hilo kwenye kila chumba cha chini ya nyumba tulichowahi kuwa nacho. "Nipe mbili, Arlys. Moja ni ya kuvunjia."

Hakunyoosha mkono. Alikaza kwa moja, kwa nguvu zake zote, mishipa imemtoka shingoni, na mimi naona bomba linapinda. Halafu akaifungua tena ile nati, akatoa utepe wa manjano mfukoni, akaanza kuuzungusha kwenye mdomo wa bomba.

Mdomo ule umepanuliwa kama tarumbeta. Unakalia shaba juu ya shaba. Hauwekewi kitu katikati. Verlyn aliwahi kumfukuza mtu kazini kwa utepe huo! Alirudi nyumbani hakula chakula cha jioni kwa hasira.

Nikasema polepole, "Verlyn, hapo si huwa huweki utepe?"

Akanitazama. Sijawahi kuona macho hayo. Hayakuwa ya hasira bado. Yalikuwa ya mtu aliyeingia chumbani na kukuta samani zote zimehamishwa. Akatazama mikono yake, akatazama utepe.

Halafu ndipo hasira ikaja. "Tangu lini wewe fundi? Eh? Tangu lini?" Akarusha spana. Ikapiga mlango wa friji, ukabonyea. Akatoka, akatembea kuelekea barabarani bila kofia.

Imelda alimfuata kwa mbali na gari lake. Walirudi pamoja. Yeye anasema Verlyn alikuwa amesimama kwenye njia panda, anatazama kulia na kushoto. Alimwambia anangoja magari yapite. Hapakuwa na gari.


Ijumaa, 13 Januari

Gesi imefungwa. Maziwa yako nje kivulini, maana friji nayo hutumia gesi. Tunakunywa kahawa ya Imelda.

Nimempigia fundi wa trela, bwana mmoja anaitwa Royce anayezunguka kambi hizi. Amejaa kazi, atakuja Jumanne akiweza. Akaniuliza mitungi imefungwa? Imefungwa. Basi vizuri, iache hivyo.

Britta amepiga. Anauliza hali. Nimesema tuko salama.

Tuko salama!


Jumamosi, 14 Januari

Imelda alikuja asubuhi amejifunga kitambaa kichwani. "Shoga, mimi siwezi kukaa kungoja Jumanne huku nakuona unatetemeka ndani ya blanketi. Hilo bomba linatengenezwaje?"

"Najua linatengenezwaje," nikasema. Nikashtuka kujisikia. Lakini ni kweli. Nimetazama kwa miaka yote hiyo. Mikono yangu haijafanya, macho yamefanya mara elfu. Na Royce akija atapima kazi yetu.

Tukavuta jiko. Nikabandua ule utepe. Chini yake, ufa. Mwembamba kama unywele, kwenye ukingo wa mdomo wa bomba, pale alipokaza na spana moja. Siwezi kujua kama ulikuwapo tangu mwanzo, ukatanuka, au ni wa Alhamisi. Labda mtikisiko wa barabara ndio ulioanza. Nataka uwe mtikisiko wa barabara.

Nikachukua kikatio kwenye sanduku la Verlyn. Unakibana, unazungusha, unabana tena kidogo. Kipande kibovu kikaanguka. Nikakwangua ukingo. Nikakibana kile chombo cha kupanulia, nikazungusha skrubu yake mpaka mdomo ukafunguka, mviringo, unang'aa. Mzuri! Imelda akapiga makofi. Nikamwonyesha kama naonyesha pete ya uchumba.

Halafu nikatafuta nati.

Nati iko mezani. Inapaswa kuwa kwenye bomba, nyuma ya mdomo. Sasa mdomo umepanuka, haiingii tena. Tukatazamana na Imelda.

Kicheko kikatoka mlangoni. Verlyn. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. "Nati kwanza, Arlys!" Anacheka, amejishika kwenye fremu ya mlango. "Nati kwanza! Kila mtu anafanya hivyo mara moja. Mimi nilifanya kanisani, mchungaji amesimama nyuma yangu."

Tukacheka wote. Nikalia pia kidogo, nikasema ni vumbi la shaba.

Akaingia, akapiga magoti pembeni yangu. Sikujua niogope au nifurahi. Akaniacha nikate upya. Nikavalisha nati kwanza. Nilipoanza kupanua akaweka mkono wake juu ya wangu. "Polepole. Usiilazimishe shaba, itapasuka. Hapo. Inatosha. Hapo hapo." Ni sauti yake. Sauti ile ile. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka: "Nipe mbili."

Nikampa mbili.

Moja ikashika, moja ikazungusha. Tukafungua mitungi. Tukapaka sabuni. Tukangoja, vichwa vitatu nyuma ya jiko kama watoto wanaochungulia kiota. Povu likakaa kimya. Halikuvimba. King'ora kimya, taa ya kijani. Hita ikawaka. Joto! Verlyn akanibusu kwenye paji la uso na kuniachia sabuni.

Ningeishia hapo. Nilitaka kuishia hapo.

Imelda alitengeneza kahawa kwenye jiko letu, tukakaa mezani. Verlyn akamgeukia kwa ukarimu wote wa kwao, akampa mkono. "Hatujafahamiana vizuri. Sisi ni akina Tollefson, kutoka Minnesota. Ahsante kwa kumsaidia mke wangu."

Huu ni msimu wa nne tuko naye.

Imelda hakupepesa macho. Aliushika ule mkono. "Imelda. Nimefurahi kukufahamu, mzee." Akaendelea kukoroga kahawa yake, na ilikuwa haina sukari.


Jumapili, 15 Januari

Nimetembea na Imelda mpaka mwisho wa korongo. Verlyn alilala kwenye kiti chake juani.

Hakunizungusha. Alisema bomba nimelitengeneza, sasa bomba si shida yangu tena. Alisema nimpigie Britta, nimpeleke Verlyn kwa daktari, nisingoje. Kaka yake alianza hivyo hivyo, na wifi yake alificha mpaka siku walipomkuta amekaa kwenye gari la mtu mwingine.

"Nikimwambia Britta atakuja na ndege," nikasema. "Atachukua funguo. Atatutafutia chumba kwenye nyumba ya wazee yenye mazulia."

"Na wewe unataka nini?"

Nataka Alhamisi isiwe imetokea. Sikusema hivyo. Nilisema hatuna nyumba nyingine, hii ndiyo nyumba. Nilisema jana alikumbuka kila kitu, umemwona mwenyewe, mbili, polepole, umemwona!

"Nimemwona," akasema Imelda. "Kabla na baada."

Nikamkasirikia. Tumerudi, yeye mbele mimi nyuma, na alipofika kwake akaniambia nisisahau bakuli lake.


Jumanne, 17 Januari

Royce amekuja. Kijana mrefu wa ndevu nyekundu, mkarimu, ana haraka. Akafunga kipimo chake kwenye bomba la jiko, akajaza gesi, akafunga koki, tukakaa kutazama mshale. Verlyn amesimama mikono nyuma kama mkaguzi.

Mshale haukusogea. Royce akanywa kahawa yote, mshale pale pale. Akapitia na viungo vya uvunguni mwa trela, vya hita, vya friji. Hakuna kinachovuja popote. "Trela hii imefungwa kama chupa," akasema. Akachungulia nyuma ya jiko. "Nani amepanua mdomo huu? Umekaa sawasawa."

"Mimi," akasema Verlyn.

"Yeye," nikasema mimi.

Royce akampa mkono, wakaongea habari za shaba na za baridi ya Minnesota. Verlyn alimweleza kuhusu utepe wa manjano na jinsi usivyotakiwa hapo! Akaeleza vizuri kabisa. Mimi nikasimama kwenye ngazi nasikiliza. Nikaazimia kumwambia Imelda. Nikaazimia kwamba ilikuwa gesi. Gesi huleta kizunguzungu, si ndiyo? Mtu anayeishi na gesi wiki nzima atakosa kuchanganyikiwa? Hata Royce nilimuuliza kwa chinichini, na akasema inaweza kuumiza kichwa, ndiyo, kidogo.

Inaweza. Amesema inaweza.

Nimepika keki za kikaango. Nimempelekea Imelda bakuli lake na keki juu. Amezipokea.


Jumatano, 18 Januari

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya trela. Nisamehe mwandiko — namwomba nani samahani?

Nilikuwa nyuma naanika nguo. King'ora kikapiga. Nikaacha shuka chini kwenye mchanga, nikakimbia mbele, nikafunga mitungi, mmoja, wa pili. Nikafungua mlango mpaka mwisho. Harufu ilikuwa nzito kuliko siku zote, naweza kusema ilinigusa. Nikaziba pua na aproni, nikaingia nifungue madirisha. Nilikuwa najiambia Royce amekosea, kipimo chake kibovu, mdomo wangu wa shaba umepasuka, mimi si fundi, nimekosea, nimekosea. Nilikuwa natamani niwe nimekosea!

Birika liko juu ya jiko. Limejaa maji. Baridi. Chini yake kifundo cha kufungulia gesi ya jiko kimezungushwa mpaka mwisho, na hakuna moto. Kiberiti kiko pembeni hakijatumika hata njiti. Vikombe viwili vimepangwa juu ya sahani, changu kile chenye ndege, na kopo la kahawa limefunguliwa.

Verlyn alitaka kuniletea kahawa kule ninakoanika nguo.

Nikakifunga kile kifundo. Nikasimama hapo nashika kaunta. Kumbe wakati mimi nakimbia yeye alikuwa upande wa pili, amekaa kwenye kiti chake mita chache tu kutoka jikoni, na pua isiyomwambia kitu. Bila king'ora angeingia mwenyewe baada ya muda, angekumbuka kahawa. Angewasha njiti.

Akatokea dirishani, uso umechangamka. "Umesikia? Umesikia king'ora? Nilijua yule kijana hajui kitu! Kuna uvujaji mwingine."

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwapo. Verlyn, ni wewe. Mawili tu, matatu.

"Kuna uvujaji mwingine," nikasema.

"Usiogope. Nitaupata." Akaomba kikombe na sabuni. Nikampa dirishani. Akachukua brashi yake ya ndevu, akajilaza juu ya kipande cha zulia, akaingia uvunguni.

Vifundo vya jiko vinang'oka kwa mkono ukivuta wima. Nilikuwa navivua kila wiki kuviosha. Nimevivua vyote, viko kwenye mfuko wa aproni yangu, vinagongana nikipumua. Sijamwambia. Akitaka kuwasha jiko atauliza viko wapi nami sijui nitasema nini. Kwamba navisafisha. Siku ngapi mtu anasafisha vifundo?

Imelda amekuja mbio aliposikia kelele. Nimemwambia kwa maneno machache. Hakusema, si nilikwambia? Amekaa karibu yangu kwenye ngazi, amenishika goti, na simu yangu ameiweka katikati yetu, uso juu, jina la Britta limeandikwa pale, sijabonyeza.

Namsikia Verlyn chini yetu. Anasogea kiungo kwa kiungo, kama siku ile ya kwanza, hana haraka. Anazungumza peke yake, au na mimi, sijui. Hapa hakuna. Hapa hakuna. Na hapa hakuna. Ubavu wa trela unatikisika kidogo kila anapojivuta.

Mitungi imefungwa. Nimeifunga mimi, naye amepita mbele yake kwa magoti, ameitazama. Hakuna gesi kwenye bomba lolote. Hata akipaka sabuni mpaka kesho, povu halitavimba. Verlyn! Verlyn hakuona kwamba mitungi imefungwa.

Imelda ameona kwamba nimeona. Amesogeza simu karibu na mkono wangu.

"Arlys!" anaita kutoka chini. Sauti yake ina furaha, ina kazi ndani yake. "Sabuni imekwisha, bibie. Niletee nyingine. Nakaribia kuupata, naona!"

Nimesema nakuja.